Watoto walilia kwenye video ya ujangili na hawajarudi, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja, nimelifupisha kidogo: “Nasimamia klabu ya wanyamapori, watoto kama 30, wadogo wana miaka 9 na wakubwa 16. Mwezi uliopita niliwaonyesha video ya tembo waliouawa kwa ajili ya meno ili waone uzito wa jambo lenyewe. Baadhi walilia, binti mmoja akauliza ‘sasa sisi tufanye nini?’ nikakosa jibu la maana. Wiki iliyofuata walikuja 11. Bajeti ya kuwapeleka hifadhini hatuna, na mkuu wangu anaona bora klabu ifungwe. Nianzie wapi?”

Mwalimu, pole kwanza, alafu nikutoe wasiwasi kwenye jambo moja: wale 19 ambao hawajarudi hawajaacha kupenda wanyama. Mtoto anayelia akiona tembo amelala chini amekatwa uso ni mtoto anayejali tayari, tena anajali kuliko watu wazima wengi ambao wangeiangalia ile video mpaka mwisho wakaendelea na shughuli zao. Kilichotokea ni kwamba wamebebeshwa uchungu mkubwa na hawakuonyeshwa pa kuupeleka. Mtu mzima akipata habari mbaya ana vitu viwili vitatu anaweza kufanya, ana kura, ana hela kidogo ya kuchangia, ana mtu wa kumpigia simu, mtoto wa miaka 9 hana hata kimoja kati ya hivyo, kwahiyo anafanya kile kilichobaki, anakaa mbali na mahali panapomuumiza. Na yule binti aliyeuliza “sasa sisi tufanye nini” ndo mtu muhimu kuliko wote kwenye klabu yako, naomba umtafute, nitarudi kwake huko mbele.

Kuna mwalimu wa Marekani anaitwa David Sobel, tangu miaka ya 1990 amekuwa akisema hakuna majanga kabla ya darasa la nne, yani mtoto mdogo asitwishwe misitu inayoteketea na wanyama wanaokwisha kabla hajapata nafasi ya kuwafurahia hao wanyama wenyewe. Namuunga mkono kabisa. Hatuwafichi ukweli, tunapanga tu nini kitangulie, mapenzi yaje kwanza na habari mbaya zifuate, ukianza na habari mbaya unapata mtoto anayejikinga, anasikia neno tembo anageuza uso. Hao wakubwa wako wa miaka 14 kwenda juu wanaweza kuubeba ukweli wa ujangili, ila hata wao usiwape ukweli mtupu bila kazi ya mikono ya kuambatana nao.

Sasa mapenzi yanatoka wapi? Mtafiti Louise Chawla aliwahoji watu wazima wanaojitolea kulinda mazingira huko Norway na kwenye jimbo la Kentucky, Marekani, akitaka kujua nini kiliwafikisha pale walipo, na mambo mawili yakawa yanajirudia sana: utotoni walikaa sana nje kwenye sehemu waliyoizoea, na walikuwa na mtu mzima wa karibu, mzazi, babu, mwalimu, ambaye yeye mwenyewe alivutiwa na viumbe akawaonyesha. Ona hapo mwalimu, hakuna basi la kwenda hifadhini kwenye hiyo orodha. Sehemu iliyozoeleka, na wewe. Mimi nimeshaona watoto wanabebwa masaa sita barabarani, wanafika wamechoka, wanaona simba wamelala mbali chini ya mti, wanapiga selfi wanarudi, na ukiwauliza baada ya mwezi wanakumbuka nani alitapika kwenye basi. Safari ni nzuri, sikatai, ila ni nzuri kwa mtoto ambaye ameshajua kumwangalia mnyama. Na kumwangalia mnyama anajifunzia kwa mnyama mdogo ambaye yupo kila siku.

Kwahiyo jibu langu ni hili: anza na mnyama mmoja, wa karibu, mdogo, na mkae nae muda mrefu. Nikusimulie mkasa mmoja utanielewa vizuri.

Nilikuwa na kundi la watoto kama hao wako, tukawa tunakutana kwenye jengo moja lenye kibaraza, na kwenye ukuta wa kibaraza kulikuwa na nyigu wale wanaojenga kwa udongo, wembamba, kiuno kama uzi. Kulikuwa na kijana wa miaka 12 hivi, msumbufu, anavuruga kila kipindi, siku hiyo nikampa saa na daftari nikamwambia kazi yako ni kuandika huyu nyigu anaondoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Nilitegemea atadumu dakika tano. Alikaa saa nzima. Akaja kuniambia vitu ambavyo sikumfundisha: kwamba nyigu akiwa anapaka udongo anatoa mlio kama wa mashine, akiwa anaruka mlio ni mwingine, kwamba kila akileta donge la udongo anaanza kulipaka upande mmoja analivuta mpaka upande wa pili kama mtu anayekandika nyumba, na kwamba kila safari anaondokea upande uleule wa bomba. Tukamfuata. Bomba lilikuwa linavuja, chini yake pana tope dogo upana wa sahani, na nyigu watatu wako pale wanachimba vidonge kwa midomo.

Wiki iliyofuata tukamuona anabeba buibui. Nikawaeleza kinachoendelea mle ndani, na hapo ndo kundi zima lilinyamaza: mama nyigu anamchoma buibui sindano inayompoozesha, buibui hafi, anabaki hai ila hawezi kusogea ili asioze, anapakiwa ndani ya chumba cha udongo, wakati mwingine zaidi ya kumi kwenye chumba kimoja, nyigu anataga yai moja, anaziba kwa udongo, anaondoka. Buu likianguliwa linakuta chakula kipo. Anayejenga na kuwinda ni jike, na mwanae hamuoni. Maswali yaliyofuata hapo sikuyamaliza kuyajibu, buibui anaumia? mtoto anatokaje? nani alimfundisha mama?

Alafu fundi akaja akalitengeneza bomba. Tope likakauka. Yule kijana ndo aliyegundua, akaja akaniambia nyigu hawaji tena, wamekosa udongo, na bila kuniuliza akaanza kumwaga maji kidogo pale chini kila asubuhi. Siku mbili tatu wakarudi. Baadae kidogo wakaja wapaka rangi, wanataka kuparua ule udongo wote ukutani, na huyu mtoto ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa anawarushia wenzake mawe akaenda kusimama mbele ya mwenye ngazi akamweleza, kwa adabu kabisa, kwamba kwenye vile vyumba vyenye kifuniko kuna watoto hawajatoka, vyenye tundu ndo vimeshakuwa vitupu, akamuomba aruke kile kipande mpaka watoke. Jamaa akaruka kile kipande.

Mwalimu, hapo kila kitu kimo. Alimjua mnyama, akajua anahitaji nini ili aishi, akaona kilichoondoka, akakirudisha, alafu akaongea na mtu mwenye uwezo wa kuharibu. Mtu anayelinda faru au kasa anafanya hivyohivyo, ukubwa tu ndo unatofautiana. Na hakuna aliyemwambia yule kijana “tulinde nyigu”. Angeambiwa angecheka.

Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alikuwa hivyohivyo. Akiwa na miaka minne hivi alijificha bandani kwa kuku masaa kadhaa kwasababu alitaka kuona yai linatokea wapi, nyumbani wanamtafuta wamechanganyikiwa, na aliporudi mama yake hakumgombeza, alikaa akamsikiliza hadithi nzima ya kuku. Mtoto huyohuyo mwaka 1960, akiwa na miaka 26, akafika Gombe, Tanzania, akakaa miezi sokwe wanamkimbia, na akaendelea kukaa mpaka akamuona sokwe dume anachomeka jani kwenye kichuguu, anavua mchwa, kitu ambacho wanasayansi wa wakati ule waliamini ni binadamu tu anayetengeneza vifaa. Uvumilivu wa Gombe ulianzia kwenye banda la kuku. Na kile alichofanya mama yake ndo kazi yako wewe kila wiki, mtoto akija na hadithi ndefu isiyo na mbele wala nyuma kuhusu mjusi, kaa chini umsikilize mpaka amalize.

Kitu kingine, usidharau uwezo wa vichwa vyao. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Andrew Balmford walitoa matokeo ya kuwaonyesha watoto wa shule ya msingi kadi za picha, zingine za vikatuni vya Pokémon, zingine za wanyama na mimea ya kawaida ya nchini kwao. Watoto wa miaka 8 walitaja karibu asilimia 80 ya vikatuni, ila kwa viumbe halisi waliishia kama nusu tu. Wengi wakisikia hivyo wanalalamika watoto wa siku hizi wameharibika, mimi nasikia habari njema, kwamba mtoto wa miaka 8 anaweza kubeba majina kibao kichwani pamoja na nani anamshinda nani na ana nguvu gani, kinachokosekana ni mtu wa kumpa wanyama halisi kwa mtindo huo. Kwahiyo tengenezeni kadi. Wachore wenyewe, hata kama mchoro ni mbaya, kila kadi iwe na jina la mnyama, na kama kwenye familia zao kuna lugha zingine waulize wazee jina lake kwa lugha hizo waliweke pia, anakula nini, nani anamla, na uwezo wake wa kipekee. Hapo kwenye uwezo ndo pana utamu. Mjusi wa ukutani hashikilii dari kwa gundi, ana vinywele vidogo mno kwenye vidole, mamilioni, vinavyogusana na ukuta kwa ukaribu wa ajabu, na wengi wao hawana kope kwahiyo wanasafisha macho kwa ulimi. Na yule mdudu anayeviringisha kinyesi, mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba usiku usio na mbalamwezi anatumia ule ukanda wa mwanga wa nyota unaokatiza angani, Njia Nyeupe, ili aende moja kwa moja asirudi kwenye rundo akanyang'anywa mzigo wake. Walijuaje? Waliwavalisha kofia ndogo za karatasi ngumu wasione juu, wakaanza kuzunguka ovyo, alafu wakawapeleka kwenye jumba lenye anga la kuigiza, wakizima na kuwasha nyota. Waambie watoto habari ya kofia alafu uone sura zao.

Ukishawarudisha hivyo, wiki kadhaa, habari mbaya zinaweza kuingia, ila ziingie kama kesi ya upelelezi yenye mwisho. Nakupa mbili ninazozitumia sana.

Ya kwanza, tai wanaokula mizoga huko India. Walikuwa mamilioni, kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kudondoka kwenye miti wamekufa, aina kadhaa zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na hakuna aliyejua kwanini. Waache watoto wabashiri, watasema sumu, watasema ugonjwa, watasema wawindaji. Jibu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa dawa ya maumivu inaitwa diklofenaki, ng'ombe mgonjwa anapewa, akifa tai wanakula mzoga, figo zao zinashindwa kazi. Hakuna mtu aliyekuwa na nia ya kuua tai. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Watoto wakubwa wanaelewa hapo kitu kikubwa, kwamba mnyama anaweza kumalizwa na mtu mwema aliyekuwa anamtibu ng'ombe wake, na kwamba kumbe mtu wa maabara aliyepasua figo za tai ameokoa tai kama askari mwenye bunduki.

Ya pili, kozi wa kisiwa cha Mauritius, ndege mdogo mwindaji. Mwaka 1974 porini walikuwa wanajulikana wanne tu. Wanne. Wakaja watu, Carl Jones akiwa mmoja wao, wakawa wanachukua mayai ya kwanza ya mama kwa uangalifu wanayaatamisha wenyewe, mama akiona kiota kitupu anataga tena, kwahiyo msimu mmoja unapata vifaranga mara mbili, wanawalea, wanawarudisha msituni. Leo ni mamia. Na wale gorila wa milimani wa Rwanda, Uganda na Kongo, miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mia chache, mwaka 2018 hesabu ikapita 1,000. Usiishie kusema wameongezeka, eleza jinsi walivyoongezeka, maana mtoto akijua “jinsi” anaanza kujiwazia yeye akifanya.

Wakubwa sasa, hawa wa miaka 13 mpaka 16. Hawa ukiwapa kuchora mabango ya “tuokoe tembo” wanajua kabisa hakuna tembo anayeokolewa na bango lililobandikwa darasani, na wanaondoka kimyakimya. Wanataka kazi ambayo isipofanyika kuna mtu atagundua. Kuna tukio napenda kuwasimulia: kuna kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeusi wanaomwita monaki, kila mwaka anatoweka kutoka Kanada na Marekani baridi ikianza, na kwa miaka mingi hakuna mwanasayansi aliyejua mamilioni hayo yanaenda wapi. Fred Urquhart wa Kanada akawa anatumia watu wa kujitolea, wengi wao watu wa kawaida tu na wanafunzi, kubandika vistika vidogo vyenye namba kwenye mabawa. Mwaka 1975 wakapatikana, wamejazana kwenye miti ya milimani Mexico mpaka matawi yanainama, na Januari 1976 Urquhart mwenyewe akamuokota pale kipepeo mwenye kistika. Kile kistika kilikuwa kimebandikwa Agosti iliyopita kule Minnesota, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka pale, na mwalimu mmoja na wanafunzi wake wawili. Mwalimu na wanafunzi wawili ndo waliotoa ushahidi wa safari nzima. Ukimaliza kusimulia hiyo usiongeze maneno, wape daftari tu.

Kazi yenyewe iwe rahisi na irudiwe. Sehemu ileile, siku ileile ya wiki, dakika 20, wanahesabu ndege au vipepeo wanaoonekana, wanaandika na hali ya hewa. Wiki moja haina maana yoyote, mwaka mmoja unaonyesha nani anakuja na mvua na nani anaondoka, miaka mitatu hiyo ni data ambayo mtu wa chuo kikuu anaweza kuihitaji. Wenye simu watumie apu kama iNaturalist au eBird, unapiga picha au unaandika ulichokiona, kwenye iNaturalist watu wa sehemu zingine za dunia wanasaidia kutambua, na kumbukumbu hizo zinatumika na watafiti kweli. Ila kuna jambo moja uwafundishe kwa ukali kabisa: wasiweke hadharani mahali halisi alipo mnyama adimu. iNaturalist yenyewe inaficha mahali pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini mtoto akiposti picha ya kobe adimu kwenye mitandao mingine na ramani yake imewashwa, au anataja na kijito chenyewe, amemrahisishia kazi mwizi. Na zile video za wanyama wa porini wanaotekenywa na kulishwa kwa kijiko majumbani, ambazo watoto wanazipenda, waeleze taratibu bila kuwaaibisha. Yule komba mdogo wa Asia anayeinua mikono juu akitekenywa ana hofu, anainua ili afikie tezi ya sumu iliyo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Mtoto akishajua hivyo hawezi tena kuiangalia kama zamani, na mara nyingi anaenda kuwaambia na nyumbani.

Kuna watoto hutawapata kwa utamu wa nyigu wala kwa vipepeo, hao ni wale ambao wanyama wamewatia hasara. Mtoto ambaye mazao ya kwao yamelika usiku mmoja, au ndugu yake ameumwa na nyoka, ukimwambia wanyama ni marafiki zetu anakuona muongo, na ana haki. Usimbishie. Mpe nafasi aseme alafu muulize, unadhani ingefanyikaje wasije? Richard Turere alikuwa mtoto wa miaka 11 tu, Kitengela, Kenya, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, simba wanakula ng'ombe wa kwao na yeye mwenyewe anasema alikuwa anawachukia simba. Akajaribu moto, ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu sanamu ya mtu, siku ya kwanza simba wakaondoka, siku ya pili wakazoea. Usiku mmoja anazunguka na tochi akagundua simba hawapendi mwanga unaotembea, basi akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kidude cha indiketa ya pikipiki, na taa za tochi zilizovunjika, akafunga mfumo wa taa zinazowaka kwa kupishana kana kwamba kuna mtu anazunguka na tochi, nae amelala ndani. Simba wakaacha kuja, na hakuna aliyehitaji kuwaua. Hasira yake ndo ilimfanya awachunguze. Kwa tembo ni hivyohivyo, mtafiti Lucy King aligundua kwamba tembo wanakimbia sauti ya nyuki, wakulima wakaanza kuzungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya, tembo akigusa waya mizinga inatikisika nyuki wanatoka, na mkulima anabaki na shamba na asali. Huyo mtoto wako mwenye hasara anaweza akawa fundi bora kuliko wote hapo.

Na wapo wanaoogopa tu, bundi hasa, jamii nyingi duniani zinamuona mkosi. Kwa hofu ya namna hii maneno hayasaidii, kinachosaidia ni mabonge. Bundi anameza panya mzimamzima, mifupa na manyoya havimeng'enywi tumboni, anavitema vimefungwa kama kidonge kikubwa, utavikuta chini ya sehemu anayolala. Vaeni glavu, lowekeni kwenye maji, watoto wachambue kwa vijiti, watatoa fuvu za panya, wazipange kwenye karatasi wazihesabu. Mtoto akishaona fuvu tatu kwenye bonge moja anaanza mwenyewe kupiga hesabu za mwezi mzima.

Usalama ni mfupi: kuangalia sio kushika, popo na nyoka hawaguswi hata kama wamekufa, jiwe lililoinuliwa linarudishwa kama lilivyokuwa maana chini yake ni nyumba ya mtu, kifaranga aliyekutwa chini anaachwa au anasogezwa tu pembeni kwenye usalama kwasababu mara nyingi wazazi wapo karibu wanamlisha, na mikono inaoshwa.

Kuhusu mkuu wako. Usiende na hoja ya “watoto wanapenda”, nenda na daftari lenye wiki nane za hesabu, michoro, na mtoto mmoja anayeweza kueleza alichokiona kwa dakika tatu bila karatasi. Muonyeshe kwamba humo kuna kuandika, kuna hesabu, kuna kujieleza mbele za watu. Na kama anasema 11 ni wachache, mwambie mwaka 1991 Goodall alikaa Dar es Salaam na wanafunzi 12, kutokana na kikao kile ikazaliwa programu ya vijana ya kutunza wanyama na mazingira, Roots & Shoots ambayo sasa iko kwenye makumi ya nchi. Wewe umepungukiwa mmoja.

Wiki hii usiitishe kikao cha wote. Watafute wale waliolia, mmoja mmoja, uwaambie ulikosea kuwaonyesha ile video namna ile, usijitetee, mtoto akiombwa radhi na mwalimu hasahau. Alafu yule binti. Mwambie swali lake lilikuwa zuri na umeshindwa kulijibu siku ile kwasababu hukuwa na jibu, sasa unalo. Tembeeni wote wawili mzunguke jengo, mpaka mpate kitu kilicho hai kinachoishi pale, kiota, mjusi mwenye mkia uliokatika unaoota upya, kundi la sisimizi, nyigu kama mnao, na achague yeye. Mpe daftari lake peke yake na penseli, sio kalamu, maana mvua ikinyesha wino unachuja. Awe anaenda kila siku dakika kumi, anaandika tarehe, saa, na alichokiona, hata kama ni “hakuna kitu leo”, hiyo nayo iandikwe. Ijumaa akusomee. Wakianza kumzunguka wenzake kuuliza anaangalia nini pale ukutani, usiwaite wewe, muache yeye awaonyeshe.